Urari wa Baharia wa Hellerup

Neno urari sisi watunzi wa mashairi tumelifunga katika kifungu kimoja: urari wa vina na mizani. Katika miaka yangu ya kufundisha nililiandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu, na wanafunzi wakalikariri pasipo kuuliza lina kazi gani nje ya ubeti. Wahasibu wanalo la kwao, urari wa mapato na matumizi. Mabaharia hawalitamki sana, lakini wao ndio wanaoliishi kwa mwili. Upepo unapolisukuma tanga, chombo hulala upande mmoja. Na mtu aliyemo humo, asipouhamishia uzito wake upande wa pili, upesi na kwa kiasi kinachotosha, ama atakwenda polepole ama atapinduka.

Nimeyataja hayo kwa ajili ya mtu mmoja, Paul Elvstrøm wa Denmaki, aliyezaliwa Hellerup, kaskazini ya Copenhagen, tarehe 25 Februari 1928, akafariki Desemba 2016 akiwa na umri wa miaka 88. Alishinda medali nne za dhahabu za Olimpiki mfululizo katika vyombo vya tanga vya mtu mmoja: 1948, 1952, 1956 na 1960. Katika kumbukumbu rasmi za Olimpiki, ndiye mtu wa kwanza kushinda mara nne zinazofuatana katika shindano la mtu binafsi. Magazeti yetu ya michezo, yakibahatika kumtaja, humwita bingwa wa boti na kuishia hapo. Boti! Neno hilo siku hizi lina injini ndani yake. Lugha iliyo na goshi, demani, mbisho na farumi ina uwezo wa kumsimulia mtu huyu vizuri zaidi, na mimi nimekuwa na deni hilo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nilimsikia kwa mara ya kwanza mwaka 1984, nikiwa mwanachuo wa ualimu. Mkufunzi wetu wa Hisabati alikuwa Mdenmaki, mtu mkimya, Kiswahili chake kikienda kwa tahadhari kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Asubuhi moja ya Agosti aliingia darasani akatuambia kwamba mzee wa kwao wa miaka 56 amekosa medali huko Los Angeles kwa nafasi moja tu, na kwamba mwenzake chomboni alikuwa binti yake wa kumzaa. Tulicheka. Kwa vijana wa miaka ishirini na moja, mtu wa miaka 56 alikuwa wa kukaa barazani na kusimulia, si wa kukosa medali. Mkufunzi hakukasirika. Alitoa chaki, akaandika kanuni ya logarithimu ubaoni, akasema mzee huyo ndiye atakayetufundisha somo la siku hiyo.

Na kweli alitufundisha. Mwaka 1948, michezo ilipofanyika Uingereza, mashindano ya matanga yalipelekwa Torquay, na alama zilitolewa kwa kanuni ya ajabu: unachukua 101, unajumlisha mara elfu ya logarithimu ya idadi ya washindani, unatoa mara elfu ya logarithimu ya nafasi uliyoshika. Hesabu hiyo inaonekana kavu mpaka uitumie. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ni alama 301. Tofauti kati ya wa kumi na wa kumi na moja ni alama 41 tu. Maana yake, aliyebuni kanuni hiyo alimpenda mshindi kuliko mvumilivu: ushindi mmoja uliweza kufuta makosa mengi. Sasa mtazame kijana wa miaka 20 anayefika Torquay akiwa hana jina. Mbio ya kwanza hakuimaliza; alijitoa. Mbio zilikuwa saba. Akapanda polepole, na mbili za mwisho akazishinda zote mbili. Dhahabu. Darasa zima likaanza kukokotoa alama zake kwa majedwali ya logarithimu, na nadhani ndiyo siku pekee ambayo majedwali yale yalinukia chumvi.

Chombo alichotumia kiliitwa Firefly, kidogo, cha mbao, kilichosanifiwa na Uffa Fox wa Uingereza. Sitakaa sana hapo. Chombo kilichomfanya Elvstrøm awe Elvstrøm kilikuja miaka minne baadaye, nacho ni Finn, kilichochorwa na Rickard Sarby wa Uswidi kwa ajili ya Olimpiki ya Helsinki ya 1952. Kina urefu wa mita nne na nusu, mlingoti mmoja, tanga moja, mtu mmoja. Hakina foromali kama vyombo vyetu. Tanga limepanda na mlingoti wenyewe, na chini yake umelazwa mti unaolinyoosha. Mkono mmoja umeshika kana, yaani ule mpini wa usukani, na mkono wa pili umeshika demani, kamba inayolivuta au kulilegeza tanga. Mikono imekwisha. Kilichobaki ni mwili.

Hapa nawaomba wenzangu wa bara wanivumilie kidogo, maana bila jambo hili hamtaona ukubwa wa mtu huyu. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda kumkabili upepo uso kwa uso. Anayetaka kufika kule upepo unakotoka hana budi kupiga bisha: aende mshazari upande mmoja, ageuze, aende mshazari upande wa pili, ageuze tena, mpaka alifikie boya. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika mashindano, nayo ndiyo humtenga bingwa na wengine. Kitenzi ni kile kile tunachokitumia tunapokataa kauli ya mtu: kubisha. Kwa sikio la mshairi hayo ni maneno ndugu. Baharia anabishana na upepo, na kila anapojibu huwa amesogea mbele kidogo. Lakini katika mbisho, upepo hukilaza chombo kwa nguvu zote kuelekea upande wa demani, na chombo kilicholala hakiendi. Anayeweza kukisimamisha wima kwa muda mrefu kuliko wenzake ndiye anayeshinda. Atakisimamisha kwa nini? Mashua zetu za mashindano huwa na mifuko ya mchanga, ndiyo farumi, na vijana wa kuihamisha kila chombo kinapogeuka. Katika Finn, farumi ni nahodha mwenyewe. Hukaza miguu katika mikanda iliyofungwa ndani ya chombo, akaketi ukingoni upande wa goshini, kisha akajilaza nje juu ya maji, mgongo ukikaribia mawimbi, mapaja na tumbo vikiwaka moto.

Wenzake Elvstrøm walijua hayo yote. Walichokosa ni kukubali kwamba maumivu hayo yanaweza kufanyiwa mazoezi nchi kavu. Yeye alijitengenezea benchi nyumbani, lenye mikanda ya miguu na ukingo kama wa chombo, akawa anajinyoosha juu yake siku baada ya siku, hewani, pasipo tone la maji. Kisha alikwenda baharini peke yake, hata majira ya baridi, katika mlangobahari ulio kati ya Denmaki na Uswidi, wakati vyombo vya wenzake vimefunikwa mpaka majira mapya. Leo kila mshindani wa vyombo vidogo duniani ana benchi kama lile, au amelaaniwa na kocha wake kwa kutokuwa nalo. Wakati ule lilikuwa kichekesho.

Mimi nililielewa benchi lile kwa njia ya baba yangu. Alikuwa nahodha wa mashua kati ya Kilindoni na Kisiju, na likizo ya Desemba mwaka ule nilikwenda Mafia nikamsimulia habari za Mdenmaki. Alinisikiliza huku akisokota kamba.

"Maji anakumba nani?" akauliza.

"Mwenyewe, baba."

"Na kana?"

"Mwenyewe."

"Na demani?"

"Mwenyewe."

Akacheka. "Basi huyo ni nahodha asiye na mtu wa kumtukana, mwanangu. Kazi ngumu hiyo."

Nikamweleza habari ya benchi, nikidhani atacheka zaidi. Hakucheka. Alisema ujana wake alipokuwa baharia wa kupanda ubaoni, ule ubao unaotolewa nje ya mashua upande wa upepo, nahodha wake alikuwa akimwamuru akae vile hata bandarini, chombo kimetia nanga, hakuna upepo wala safari. Walimwona ana kichaa. "Lakini," akasema, "ukifika mkondo wa Mafia na kusi limekaza, tumbo lako linakumbuka bandari." Sijapata kusoma maelezo ya Elvstrøm yaliyo mafupi na kamili kuliko hayo.

Helsinki hapakuwa na ushindani wa kweli. Elvstrøm aliwaacha wenzake mbali, akapata dhahabu ya pili. Ninalopenda katika orodha ya washindi wa mwaka huo ni jina la tatu. Fedha ilikwenda kwa Charles Currey wa Uingereza, na shaba akapewa Rickard Sarby, yule yule aliyekichora chombo. Mtu aliyeujua kila ubao na kila mshono wa Finn, aliyekuwa nayo kichwani kabla haijawa mbao, alikaa nyuma akautazama mgongo wa kijana wa Hellerup. Watunzi mtaelewa: kubuni bahari ya shairi ni jambo moja, na kuliogelea ni jambo jingine.

Mwaka 1956 akashinda Melbourne. Katikati ya safari hizo alianzisha kazi ya kushona matanga, iliyokuja kuwa kampuni inayojulikana duniani kote kwa jina lake, na alisambaza kifaa kidogo cha kutoa maji chomboni. Kifaa hicho huwekwa sakafuni. Chombo kinapokwenda kasi, maji yanayopita chini yake huyafyonza yaliyomo ndani. Nilipokisoma habari zake baba alikuwa angali hai. Nilimwambia kwamba lile swali lake la kwanza Mdenmaki alikwisha kulijibu. Alinyamaza kidogo, kisha akanitaka nikichore, na mchoro ule akauweka chini ya mkeka pamoja na vyeti vya chombo.

Sasa nafika Napoli, mwaka 1960, na hapa nataka kwenda taratibu. Wengi husimulia dhahabu ya nne kama kilele, tarumbeta zikilia. Ukweli una sura nyingine. Elvstrøm alikwenda Napoli akiwa mgonjwa wa shinikizo la ushindi wake mwenyewe. Kila mtu alimtarajia ashinde, naye alijitarajia zaidi ya wote. Hofu ilimkaa tumboni na mishipani mpaka mwili ukakataa. Alikwisha kujihakikishia dhahabu kabla ya mbio ya mwisho, na mbio hiyo hakushiriki. Hakuwa na hali ya kuingia majini. Bingwa wa dunia nzima, aliyefanya tumbo lake kuwa la chuma juu ya benchi, aliangushwa na kitu ambacho hakina benchi la kukifanyia mazoezi. Miaka ya baadaye aliyazungumza hayo waziwazi, jambo ambalo wanamichezo wa kizazi chake hawakulizoea. Mimi namheshimu kwa Napoli kuliko kwa Helsinki.

Anakumbukwa pia kwa kauli moja inayorudiwa katika klabu za matanga kila pembe ya dunia, kwamba aliyeshinda mbio akapoteza heshima ya washindani wake hajashinda kitu. Kauli kama hiyo huweza kugeuka pambo la ukutani. Ili tuione uzito wake ni lazima tukumbuke jinsi mchezo huu ulivyo. Majini hakuna refa anayekimbia na filimbi. Washindani wenyewe ndio wanaojuana nani amemkata nani njia, nani amegusa boya. Aliyedhulumiwa hupandisha bendera ya malalamiko, na shauri husikilizwa nchi kavu jioni. Lakini katika zama za Elvstrøm aliyejua amevunja sheria alitakiwa ajitoe mwenyewe, hata kama hakuna jicho lililomwona. Mchezo wa namna hiyo hausimami bila heshima, kama vile malumbano ya washairi yasivyosimama. Nimehudhuria majibizano ambayo mshindi alimvua nguo mwenziwe kwa matusi yaliyotimia vina, ukumbi ukapiga makofi, tuzo ikatolewa. Kisha mwaka uliofuata mshindi akatoa shairi lake la kuchokoza na hakuna aliyemjibu. Si kwamba walimwogopa. Waliona hapana haja. Ngonjera ya mtu mmoja haina upande wa pili wa kuegemea; inapinduka. Mshindani ndiye msomaji wako bora kuliko wote, kwa kuwa ndiye pekee anayejua kwa mwili wake ulichokifanya ni kigumu kiasi gani. Sarby alijua. Ukimpoteza Sarby, dhahabu inabaki mikononi mwa watu wanaoipima kwa macho.

Baada ya Napoli hakuacha bahari, aliacha upweke. Hivyo ndivyo ninavyoisoma nusu ya pili ya maisha yake, ingawa wanaohesabu medali hupita hapo haraka. Alishindana zaidi katika vyombo vya watu wawili na vya watu watatu, akawa bingwa wa dunia katika aina baada ya aina: Flying Dutchman, Star, Soling, na nyingine. Mwaka 1968 alirudi Olimpiki, mashindano ya matanga yakifanyika Acapulco, Meksiko, akashika nafasi ya nne. Mwaka 1972 alikuwapo tena, Kiel, akaondoka bila medali. Mtu mwingine angefunga kurasa hapo.

Yeye alimchukua Trine, binti yake aliyezaliwa 1962, wakaingia katika Tornado. Hiki ni chombo cha matumbo mawili yaliyounganishwa, chepesi na chenye kasi ya kutisha. Baba alishika kana, na binti alisimama nje kabisa, miguu ukingoni, mwili ukining'inia kwa waya juu ya maji. Tazameni urari ulipohamia. Yule aliyekuwa farumi ya chombo chake mwenyewe kwa miaka yote sasa aliuweka uzito wa ushindi wake katika mwili wa mwanawe, akawa hana budi kumwamini. Ndio wale wa 1984 waliokosa medali kwa nafasi moja, habari iliyotufanya tucheke darasani. Mwaka 1988 walikwenda tena, Pusan, Korea Kusini, baba akiwa na miaka 60. Walikuwa wa kumi na tano. Miaka arobaini ilikuwa imepita tangu Torquay, na Olimpiki zake zilikuwa nane.

Mwaka 2012 Ben Ainslie wa Uingereza, aliyekuwa na fedha moja na dhahabu tatu, aliongeza dhahabu ya nne huko Weymouth, ndani ya Finn ile ile, akamzidi Elvstrøm kwa hesabu ya medali. Aliyemsumbua karibu mpaka mwisho alikuwa Mdenmaki, Jonas Høgh-Christensen. Elvstrøm alikuwa angali hai kuyasikia. Finn yenyewe iliondolewa katika Olimpiki baada ya mashindano ya Tokyo, na sasa ni chombo cha wapenzi.

Kuna kazi moja ya Elvstrøm ambayo mwalimu hawezi kuiacha. Aliandika kitabu cha kufafanua sheria za mashindano, kikawa kinatolewa upya kila sheria zinapobadilishwa, na pamoja na kitabu ulipata vyombo vidogo vya plastiki vya kupanga mezani ili uone nani ana haki ya kupita. Bingwa aliyeweza kuwashinda wenzake kwa kuwaacha gizani aliwapa vyombo vya kuchezea ili waelewe. Mimi sina plastiki zile. Nina kokwa za ukwaju, na mkeka, na wajukuu wawili wanaokaa mjini ambao neno demani walilijua kama majira tu. Napanga kokwa mbili zikienda sambamba, naweka kijiti kuonyesha upepo unakotoka, nawaambia hii iko goshini, hii iko demani, na zinakaribiana.

"Babu, huyu wa goshini apite au ampishe mwenzake?" mdogo akauliza juzi.

"Ampishe. Wa demani ndiye mwenye njia."

"Kwa nini, na yeye ndiye mwenye upepo?"

"Ndiyo maana," nikamwambia, naye akaisogeza kokwa yake pembeni, kidogo tu, kwa ncha ya kidole.